Vazi la Mtumishi: Vichekesho vya Mapenzi vya Kijerumani na Mwalimu wa Kiswahili wa Berlin

Utani wa Wagogo una sheria moja ambayo haikuandikwa mahali popote, lakini ni shida kumpata mtu wa Dodoma, au wa Mpwapwa, au wa Manyoni, asiyeijua: mwenye kutania sharti akubali kutaniwa. Mtani aweza kumpokonya mtu kofia, aweza kumwita mtumwa wake mbele ya wageni, aweza hata msibani kufanya yale ambayo mtu mwingine angeyafanya angepigwa; na aliyetendewa hayo hanuni, bali huweka akiba akingojea siku yake. Peter Rigby, aliyechunguza ukoo na mifugo katika Ugogo, aliandika mwaka 1968 juu ya mizaha ya mabinamu na ya koo katika nchi hiyo. Baina ya makabila nako mambo ni hayo hayo: Wahehe na Wagogo walipigana vita zamani, na wajukuu wao leo ni watani. Mtu huvikwa utumwa kwa kicheko, na kwa kicheko huvuliwa. Asipopata nafasi ya kuvua, jambo hilo haliitwi utani tena. Lina jina jingine.

Yamkini msomaji atauliza sheria ya Ugogo ina kazi gani katika picha za sinema zilizotengenezwa Berlin zaidi ya miaka 90 iliyopita. Sababu ni mbili. Kwanza, vichekesho vya mapenzi ambavyo Wajerumani walivitengeneza mara tu sinema ilipoanza kusema vilijengwa, karibu vyote, juu ya mzaha huo huo wa mkubwa kuvaa vazi la mdogo, na mdogo kudhaniwa mkubwa. Pili, mmoja wa waongozi wa vichekesho hivyo, Herbert Selpin, baadaye alitengeneza picha mbili juu ya Afrika ya Mashariki, na katika zote mbili alicheza mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa akifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin. Vichekesho hivyo vimeandikwa sana, na mwalimu huyo naye ameandikwa. Lakini aghalabu vimeandikwa mbalimbali, kama kwamba havikutoka katika karakana moja.

Picha zenye sauti zilishika Ujerumani kuanzia mwaka 1929, wakati kampuni ya Ufa ilipojenga vyumba vyake vipya vya kunasia sauti huko Neubabelsberg. Mwaka uliofuata Wilhelm Thiele, mzaliwa wa Vienna, alitoa *Die Drei von der Tankstelle*. Vijana watatu wanarudi safarini wakakuta wamefilisika na vyombo vyao vyote vimetiwa lakiri na dalali wa mahakama. Wanauza motakaa yao na kufungua kituo cha petroli, na wote watatu, kwa zamu zao, wanampenda binti mmoja tajiri anayepita kutia mafuta. Ilikuwa miaka ya dhiki kuu. Mamilioni ya Wajerumani walikuwa hawana kazi, na hapa watu wanaimba mbele ya dalali. Wako wakosoaji walioudharau wimbo huo na kuuita kilevi cha kuwasahaulisha watu njaa yao. Hukumu hiyo ni kali mno. Thiele hakuficha kufilisika. Alikufanya kuwe mwanzo wa hadithi, na aliwavika vijana wa nyumba nzuri mavazi ya kazi ili watazamaji wenye mavazi hayo hayo wapate kuwacheka bila ya kuwaogopa.

Baada ya hapo mtindo ulienea. Katika *Die Privatsekretärin* ya mwaka 1931, ya Thiele huyo huyo, mkuu wa benki anajifanya karani wa kawaida mbele ya msichana mpiga chapa. Erik Charell, katika *Der Kongreß tanzt* ya mwaka huo huo, alimpa mfalme wa Urusi mtu wa kufanana naye, na alimfanya muuza glavu aamini kwa siku chache kwamba mapenzi hayajui cheo. Reinhold Schünzel alikwenda mbali kuliko wote mwaka 1933: *Viktor und Viktoria* ni hadithi ya mwanamke anayejifanya mwanamume ambaye kazi yake ni kujifanya mwanamke. Kwa wataalamu wa lugha kuna jambo moja la kutazamwa hapa. Kwa kuwa sauti haikuweza bado kubadilishwa kwa urahisi, picha nyingi za miaka hiyo zilipigwa mara mbili au tatu katika chumba kile kile, kwanza kwa Kijerumani, kisha kwa Kifaransa au Kiingereza, na mara nyingi wachezaji walibadilishwa. Lugha yenyewe ilikuwa vazi, nayo ilivaliwa na kuvuliwa pamoja na mengine.

Iliyo bora katika kundi hili, na ambayo hutajwa mara chache kuliko inavyostahili, ni *Ich bei Tag und du bei Nacht* ya Ludwig Berger, ya mwaka 1932. Mtumishi wa hoteli anafanya kazi usiku. Msichana mkata kucha anafanya kazi mchana. Wamepanga chumba kimoja na kitanda kimoja kwa bibi mmoja, kila mtu kwa saa zake, wala hawajaonana. Kila mmoja anamchukia mwenziwe kwa sababu ya uchafu anaoukuta. Nje, mjini, wanakutana kwa bahati na kupendana, na kila mmoja anadhani mwenziwe ni tajiri. Ndani ya hadithi mna nyumba ya sinema inayoonyesha picha ya watu wakubwa katika majumba makubwa, nayo inachekwa na picha inayoibeba. Berger alijua kilichokuwa kikifanywa na wenzake, na aliwatania. Katika picha yake hapana tajiri wa kujifichua mwishoni. Nguo zikivuliwa, chini yake wako watu wawili wenye mishahara midogo, na ndoa yao haimwinui mtu.

Selpin hakuwa na wepesi wa Berger wala muziki wa Thiele. *Chauffeur Antoinette*, ya mwaka 1932, ilikuwa miongoni mwa picha zake za kwanza kama mwongozi, na jina lake linasema habari yote: bibi mwenye mali ameshika usukani na amevaa kofia ya dereva. Aliipiga hadithi hiyo kwa Kijerumani, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza mwaka huo mmoja. Ni kazi ya fundi anayejua mahali pa kuweka mlango na wakati wa kumwingiza mtu. Raha yake yote iko katika elimu waliyo nayo watazamaji tangu mwanzo, kwamba kofia ile ni ya kuazima. Bibi anaamriwa, anangojeshwa nje, anasemeshwa kama mtu asiye na akili, na kila amri anayopewa ni deni ambalo mwamrishaji atalilipa kwa aibu picha itakapomalizika. Wagogo wangelielewa deni hilo bila ya kufasiriwa.

Mwaka 1933 wenye vichekesho walitawanyika. Thiele, Berger na wengine wengi walikuwa Wayahudi, nao walilazimika kuondoka. Schünzel, aliyekuwa na asili ya Kiyahudi upande wa mama, aliruhusiwa kwa kitambo kisha naye akaondoka mwaka 1937. Selpin alibaki. Mwaka 1934 alitengeneza *Die Reiter von Deutsch-Ostafrika*, yaani wapanda farasi wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, kutoka katika riwaya ya Marie Luise Droop iliyopewa jina la Kiswahili, *Kwa Heri*. Ni ajabu kidogo kuiona salamu hiyo juu ya kitabu cha Berlin. Neno ambalo kwetu humwombea anayekwenda njia njema, huko limegeuzwa kuwa kilio cha koloni lililopotea. Hadithi ni ya mlowezi wa Kijerumani na mwenziwe Mwingereza, marafiki waliotenganishwa na vita vya mwaka 1914, na mwanamke aliyeachwa shambani. Ukiondoa bunduki, ni mifupa ya vichekesho vya mapenzi: wanaume wawili, mwanamke mmoja, na urafiki unaojaribiwa. Waafrika wamo kando kando. Picha hiyo haikuwapendeza mabwana wake mpaka mwisho. Mwaka 1939, vita vilipoanza tena, ilipigwa marufuku kwa kuwa iliwaonyesha Waingereza kuwa waungwana.

Kando kando humo ndimo alimo mwalimu. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na akapewa jina Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari katika jeshi la Wajerumani, na mtoto naye alipelekwa vitani hali bado mdogo. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake, akaambiwa kwamba muda wa madai umekwisha. Hakurudi. Alipata kazi ya utumishi wa mezani katika Haus Vaterland, nyumba kubwa ya starehe penye uwanja wa Potsdamer Platz, ambayo kila ukumbi wake ulipambwa kwa namna ya nchi yake na watumishi wake wakavikwa nguo za kufanana na pambo hilo. Wakati huo huo alifundisha Kiswahili chuoni. Hivyo mchana alikuwa mwenye lugha ambayo Wajerumani wasomi walikaa kumsikiliza akiitamka, na jioni alikuwa pambo.

Wasomaji wa kurasa hizi hawana haja ya kuelezwa kiti hicho cha ualimu kilikuwa na uzito gani. Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887, na Waswahili waliitumikia tangu mapema. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye *Desturi za Wasuaheli* iliyotolewa na Carl Velten mwaka 1903 isingalipatikana bila ya kalamu yake, alifika huko mwaka 1900, akapambana na wanafunzi waliokataa kumheshimu kama mwalimu, akaacha kazi, na akafa Berlin mwaka 1927. Husen alifika miaka miwili baadaye. Mtoro ameacha maandishi, kwa hiyo ana sauti mpaka leo. Kilichobaki cha Husen ambacho watu wengi waweza kukiona ni uso wake katika picha za sinema zaidi ya 20 za miaka ya 1934 hadi 1941: mtumishi, mpagazi, askari, mara nyingi bila ya jina, mara nyingi kwa dakika chache tu.

Hapa ndipo sheria ya watani inapofaa. Bibi Antoinette na Husen wamevaa vazi la namna moja mbele ya kamera ya Kijerumani. Nguo ya bibi ni uongo ambao kila mtazamaji anaujua, na kicheko kinatoka katika kuujua huko. Nguo ya Husen nayo ilikuwa uongo, maana aliyeivaa alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Lakini uongo huo hapana mtazamaji aliyeambiwa, wala hapana mwandishi wa hadithi aliyewaza kwamba ungeweza kuwa hadithi. Mtu mweusi aliyebeba sinia alidhaniwa kuwa hana chini ya nguo ile ila nguo ile. Kosa la vichekesho hivi haliko katika kumtania Mwafrika. Wangalimtania kweli, ingalikuwa afadhali. Walimwacha nje ya utani kabisa, kama kiti au pazia.

Huenda ikasemwa kwamba Husen alicheza kwa hiari yake na kwa malipo. Ni kweli, na hapana faida kumfanya asiye na akili ya kuchagua. Alioa, alikuwa na watoto, alihitaji fedha. Alidai pia nishani ya vita aliyonyimwa, na alionekana kuivaa hata hivyo. Marianne Bechhaus-Gerst, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya maisha hayo, anamwonyesha kuwa mtu mkaidi mwenye kudai haki yake mpaka mwisho. Eva Knopf naye, katika picha yake ya habari *Majubs Reise* ya mwaka 2013, alifanya jambo la busara sana: alikusanya vipande vile vidogo vya sinema ya zamani na kumtazama yule aliye nyuma badala ya yule aliye mbele. Ukitazama hivyo, mchezaji mkuu anakuwa ukungu na mtumishi anakuwa mtu. Ukosoaji umejifunza kwa picha hiyo kuliko kwa makala nyingi.

Nafasi kubwa kuliko zote aliyopata Husen ilikuwa katika *Carl Peters*, ambayo Selpin aliitoa mwaka 1941, na Hans Albers, kipenzi cha watazamaji, akacheza kama Peters. Husen ni kiongozi wa msafara wake, akiitwa Ramadhani kwa matamshi ya Kijerumani. Picha haikupigwa Afrika. Weusi waliojaza uwanja walikuwa wafungwa wa vita waliotekwa katika jeshi la Wafaransa. Kwa mtu wa uwanda wa kati jina la Peters si la vitabuni tu. Mikataba aliyoikusanya mwishoni mwa mwaka 1884 ilihusu Usagara, nchi inayopakana na Ugogo, na njia yake ya misafara ilikuwa ndiyo hii ipitayo Mpwapwa. Mwaka 1890, akirudi kutoka Uganda, alipigana na Wagogo, akachoma vijiji vyao, na akajisifu kwa hayo katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata. Kisha akakutana na Emin Pasha huko Mpwapwa mwezi wa Juni. Serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa sababu ya watu aliowanyonga huko Kilimanjaro. Katika picha ya Selpin kunyonga kunatetewa, na lawama yote anatupiwa mkubwa wa serikali anayeonyeshwa kuwa Myahudi mwenye hila.

Ni picha mbaya, na ubaya wake si wa siasa peke yake. Ufundi wa Selpin umo bado: milango iko mahali pake, na Albers anaingia kwa wakati, akiwa na tabasamu lile lile la vichekesho. Lakini mtu aliyejifunza kazi yake katika hadithi za nguo za kuazima ametengeneza hadithi ambayo ndani yake hapana mtu awezaye kubadilishana nguo na mwenziwe. Bwana ni bwana tangu mwanzo, na mtumishi anamtumikia mpaka mwisho. Kwa hiyo hapana kicheko, na pasipo kicheko Selpin hana kitu cha kusema. Uaminifu wa Ramadhani unasifiwa. Hapana anayemwuliza anaona nini.

Haifai kudhani kwamba waliokimbia waliepukana na upofu huu. Thiele alifika Marekani, na mwaka 1943 aliongoza picha mbili za Tarzan. Katika *Tarzan Triumphs* Wanazi wanatua Afrika kutafuta mali na wanashindwa, na hapana shaka mtu aliyefukuzwa na Wanazi aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Lakini wenyeji wa mji wanaoukomboa, Palandria, ni weupe. Mwongozi mmoja wa vichekesho vya Berlin aliijaza Afrika yake kwa wafungwa. Mwingine aliiondolea Waafrika. Aliyekuwa hodari wa kuwavika watu nguo za wengine hakuweza, katika nchi ya uhuru wala katika nchi ya udhalimu, kuwaza Mwafrika aliyevaa nguo ambayo si yake.

Mwisho wa watu wawili wa *Carl Peters* unajulikana. Selpin, alipokuwa akitengeneza *Titanic* mwaka 1942, alilitukana jeshi kwa hasira. Walter Zerlett-Olfenius, aliyeshirikiana naye kuandika picha zote mbili, alimshtaki, na tarehe 1 Agosti alikutwa amekufa katika chumba cha gereza. Husen alikamatwa mwaka 1941, mwaka uleule picha ilipoonyeshwa, kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen bila ya hukumu ya mahakama, na alikufa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Upande huu wa bahari sinema ilikuwa na njia yake. Picha fupi zilizotengenezwa Vugiri, Usambara, kati ya mwaka 1935 na 1937 zilitaka kufundisha zaidi ya kuchekesha: ngozi zianikweje, fedha ziwekwe wapi. Sauti yake ilikuwa katika sahani za santuri. Kichekesho chenyewe kilikuja mwaka 1952, wakati *Muhogo Mchungu* ilipotengenezwa Tanganyika kwa Kiswahili, na mtumishi wa Idara ya Ustawi wa Jamii, Rashidi Mfaume Kawawa, akacheza mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam na kuchezewa na wajanja wa mjini. Haikuwa kazi kubwa. Serikali ya kikoloni iliitaka iwaonye vijana wasiziache jembe na kukimbilia mjini, na onyo hilo linasikika kila mahali, kama mzee anayekatiza ngano ili aeleze maana yake. Thiele angalikata nusu yake.

Hata hivyo jambo moja lilitimia ambalo Berlin haikulitimiza. Watazamaji waliomcheka mshamba yule walijua kwamba chini ya nguo zile yuko karani aliyesoma Tabora, asemaye lugha yao na mwenye kuweza kuwajibu. Alichekwa na wenziwe, na alicheka nao. Kofia ya mshamba ilikuwa ya kuazima kama ile ya Antoinette. Mwezi wa Januari 1962 Kawawa alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika; na mwaka 1973, chama cha TANU kilipokata shauri la kuuhamishia mji mkuu Dodoma, katikati ya nchi ya Wagogo, alikuwa ndiye Waziri Mkuu tena.